Uliza Mama Mipango: Mtaa mmoja wa Dodoma, jioni, bila magari

Toleo lililopita niliandika mistari michache tu mwishoni mwa safu, kwamba natamani jiji letu litenge mtaa mmoja pale katikati, baina ya Uwanja wa Nyerere na maduka ya Madukani. Magari yasipite kuanzia saa kumi na moja jioni, watu watembee, wale, wasikilize ngoma, watoto wakimbie bila mama zao kupiga kelele. Sikutegemea barua nyingi kiasi hiki. Wapo mliofurahi na wapo mliokasirika, na waliokasirika ndio walioandika kwa urefu. Basi safu yote ya leo ni ya jambo hili moja. Wewe wa mgogoro wa mpaka kule Ihumwa na wewe wa hati ya Nkuhungu, mnivumilie hadi toleo lijalo.

Shikamoo Mama. Nina duka la vitenge na mashuka hapa Madukani, huu ni mwaka wa kumi na moja. Wateja wangu wengi wanatoka Mtumba na Area C, wanakuja na magari baada ya kazi, wanaegesha mlangoni, dakika kumi wameondoka. Ukiwafungia barabara saa kumi na moja umenifungia duka. Wewe umestaafu, una pensheni yako. Mimi nasomesha watoto kwa duka hilo. (Mwenye duka, Madukani)

Marahaba mwanangu. Hofu yako siipuuzi, na wanaodhani wenye maduka kazi yao ni kupinga tu, naomba waisome barua yako mara mbili.

Mitaa iliyouawa kwa njia hii ipo. Kule Chicago, Marekani, mwaka 1979 jiji lilizuia magari binafsi kwenye State Street, mtaa wao mkubwa wa maduka. Wakapanua njia za miguu, wakaacha mabasi tu yapite. Lakini wanunuzi wakati ule walikuwa wameshaanza kukimbilia maduka mapya ya pembezoni mwa jiji. Njia zile pana zikabaki tupu, moshi wa mabasi ukatawala, maduka makubwa yakafunga moja baada ya jingine, na mwaka 1996 magari yakarudishwa. Fresno, kule California, waliifunga Fulton Street mwaka 1964 wakaja kuifungua tena 2017. Nimefuatilia habari za mitaa hii miaka mingi, kwa sababu kila anayetaka kufunga barabara hutuletea picha ya ile iliyofanikiwa peke yake.

Iliyofanikiwa nayo ipo. Copenhagen, Denmark, walifunga mtaa wao wa maduka, Strøget, mwaka 1962. Wenye maduka wa kule walilalamika kama wewe, tena wakasema watu wao si wa kukaa nje na baridi ile. Ila jiji liliifunga kwa majaribio kwanza, na ni mwaka 1964 ndipo ikawa ya kudumu. Leo ni zaidi ya kilomita moja ya watu wanaotembea. Ninachokichukua hapo ni yale majaribio. Hakuna aliyemwaga zege siku ya kwanza.

Sasa nikwambie nilichokiona kwa macho yangu. Wiki mbili zilizopita nilikwenda kukaa kwenye kibaraza cha duka moja lililofungwa mapema, kuanzia saa tisa alasiri hadi saa tatu usiku, jirani na mzee wa kahawa. Birika lake liko juu ya jiko dogo la mkaa, kashata ziko kwenye sahani ya bati iliyofunikwa kipande cha neti. Kikombe anakisuuza kwenye ndoo, anakikung'uta mara mbili, anakujazia. Kibaraza kile kina ngazi mbili tu za saruji na zimelika katikati kwa miaka ya watu kukaa. Tulikuwa sita pale. Hakuna hata mmoja aliyekuja na gari, na hakuna aliyeweza kunyoosha miguu, kwa sababu kila ukinyoosha, goti linagonga bampa ya gari lililoegeshwa mbele yetu.

Mbele ya jengo lile palikuwa na magari saba. Manne hayakusogea tangu nilipofika hadi maduka yalipofungwa. Nikauliza ni ya nani. Ni ya wenye maduka, mwanangu. Mteja wako wa Mtumba alizunguka mara mbili akitafuta pa kuegesha, na nafasi aliyokuwa akiitafuta ulikuwa umeikalia wewe na majirani zako.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja tu. Tuanze na Jumamosi, jioni moja kwa wiki, kuanzia Juni hadi Agosti wakati hakuna mvua. Barabara za kukatiza zibaki wazi ili gari liegeshwe hatua chache kutoka dukani kwako. Na wewe uweke daftari. Andika mauzo ya kila Jumamosi kuanzia sasa, mtaa ukiwa bado na magari, halafu uendelee kuandika miezi ile mitatu. Daftari lako likisema umepungukiwa, lilete hapa nami nitaliandika kwenye safu hii kama lilivyo, na nitakuwa wa kwanza kusema tuache.

Mama yangu, mimi ni mama lishe, nauza wali maharage, na ugali wa uwele kwa mlenda, karibu na stendi ya daladala ya Jamatini. Kila mahali pakipendezeshwa sisi ndio tunaondolewa kwanza, tunaambiwa tunachafua. Kwenye mtaa wako huo sisi tupo, au ni wa migahawa ya viti vya kizungu? (Mama lishe, Jamatini)

Upo. Tena wewe ndiye wa kwanza kwenye orodha yangu, kabla ya taa na kabla ya wanamuziki.

Mtu hutembea mtaa mzima kwa dakika tano, akishafika mwisho anageuka nyumbani. Kinachomfanya akae saa mbili ni chakula kilicho karibu na bei anayoimudu. Kama chakula cha bei ya chini kabisa kwenye mtaa ni shilingi elfu kumi na tano, mtaa huo utakuwa wa wageni wa semina, na siku ambazo hakuna semina utakuwa wa paka.

Forodhani pale Unguja wengi wenu mmefika. Bustani ile ilikarabatiwa yote kwa msaada wa taasisi ya Aga Khan ya utamaduni, ikafunguliwa tena mwaka 2009. Nyasi, taa, ukuta wa bahari, vyote vikatengenezwa. Lakini jioni watu wanafuata nini? Wanafuata urojo, mishikaki, juisi ya miwa na zile meza za wachomaji wa pweza. Ukiwaondoa wale wapishi, Forodhani inabaki bustani nzuri ya kupigia picha ukaenda zako.

Neno la uchafu ulilolitaja, tulitazame vizuri, kwa sababu wanaolisema hawadanganyi kabisa. Nilipokuwa nimekaa pale kibarazani niliona dada mmoja wa chipsi akimwaga mafuta yaliyokwisha kazi kwenye mtaro, saa mbili usiku, kupitia tundu la mfuniko uliovunjika. Alikuwa na haraka, wateja wanasubiri. Nikamuuliza angeyamwaga wapi kwingine. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akanyamaza. Hapakuwa na pengine. Ukimfukuza yule dada umemwondoa mtu, ila tatizo umeliacha palepale kwenye mtaro. Weka pipa la mafuta machafu kila baada ya meza kumi, lenye mtu wa kulichukua asubuhi, uone kama atamwaga tena.

Halafu choo. Naomba hapa wanaume mnisome kwa makini. Mtaa wa burudani usio na choo ni mtaa wa wanaume. Mwanamke atakuja na watoto wake saa kumi na mbili, saa moja mtoto mmoja atataka kujisaidia, na saa moja na robo wote wako kwenye bajaji wanarudi Kizota. Wanaobaki ni wale wanaoweza kusimama ukutani, na ukuta huo asubuhi kuna mtu anafungua duka lake hapo. Katika kazi yangu ya mipango miji nimekaa vikao vingi vya kupendezesha miji, na nakumbuka kikao kimoja tuliongea rangi ya vigae karibu saa nzima. Choo kilitajwa dakika za mwisho, kikaandikwa kwenye "mengineyo". Bado jambo hili linaniuma. Choo cha kulipia chenye maji, taa na mlinzi mwanamke upande wa wanawake kingewekwa kwanza kwenye bajeti ya mtaa huu, hata kama fedha zilizobaki zingetosha taa kumi tu.

Kuhusu kuondolewa, dai karatasi. Mnakumbuka vile vitambulisho vya wajasiriamali vya shilingi 20,000 vilivyoanza mwishoni mwa 2018. Vilikuwa na kasoro zake, lakini nilimsikia mama mmoja muuza matunda akisema kwamba mara ya kwanza maishani alilala bila kuwaza mgambo. Kwa hiyo msikubali maneno matupu ya "mtaendelea kuwepo". Iandikwe namba ya meza yako, ukubwa wake, siku zake, ushuru wake kwa mwezi, na kwamba hutaondolewa bila notisi. Mkienda kwenye kikao cha mtaa nendeni na wenzenu kumi, mkiwa mmeshakubaliana nani atasema.

Binti yangu, mimi ni mzee wa Uhindini, naishi ghorofa ya kwanza juu ya duka. Burudani ninayoijua mimi siku hizi ni maspika hadi saa nane usiku na walevi. Tuna misikiti na makanisa hapa. Mnataka kutugeuzia mji kuwa nini? (Mzee, Uhindini)

Shikamoo mzee wangu. Wewe ulikuwepo uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipotolewa mwaka 1973, kwa hiyo huenda unaukumbuka ule mpango mkuu wa kwanza wa 1976, uliochorwa na kampuni ya Kanada. Ulitaka mji wa watu wanaokwenda kwa miguu na kwa basi, majengo yasiyo marefu sana, miti, na nafasi za watu kukutana. Nilipoanza kazi, ramani zile zilikuwa bado kwenye makabati, zimekunjwa, zimeanza kuchanika kwenye mikunjo. Nazitaja kwa sababu ninachokiomba si kigeni hapa. Kiliwahi kuandikwa kwa ajili ya Dodoma hii hii.

Spika umenena kweli, na mimi niko upande wako. Ngoma za kwetu hazihitaji umeme. Ukiwaweka kina mama kumi wa muheme, ile ngoma ya Wagogo, mahali pamoja, ngoma katikati ya mapaja, sauti yao inajaza mtaa na haivuki kona ya pili. Zeze na ilimba, ile marimba ya kupigwa kwa vidole gumba, ndiyo kabisa, lazima usogee karibu ndipo usikie, na watu wakisogea karibu hapo ndipo mtaa unapopata uhai. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wetu wa Kigogo aliyefariki 2003, alizunguka dunia na ilimba na sauti yake, Wazungu wakajaza kumbi kumsikiliza. Sisi tuliobaki nyumbani kwake hatuna hata kona moja katikati ya jiji ambapo mtoto wa Dodoma anaweza kupita Jumamosi akakuta ilimba inapigwa. Lazima asubiri tamasha la muziki la Chamwino lije mara moja kwa mwaka, au sherehe ya serikali ambapo kikundi kinapewa dakika tano kabla mgeni rasmi hajapanda jukwaani. Mimi linanihuzunisha sana.

Kwa hiyo haya ndiyo ningeyaandika kwenye sheria ndogo ya mtaa huo. Hakuna spika zinazotazama barabarani kutoka dukani. Muziki unasimama adhana ikianza, na Isha hapa kwetu ni karibu saa mbili usiku, hivyo wapigaji wanapumzika, watu wanakula, kisha wanaendelea. Saa nne kamili kila kitu kimekwisha, meza zinakunjwa, saa tano magari yanapita. Pombe haiuzwi mtaani. Nasema hivi nikijua nitapoteza marafiki, na nikijua mvinyo wa zabibu zetu ni fahari ya mkoa. Baa za mjini hazijapungua, anayetaka atakwenda huko. Mtaa mmoja ambao baba anaweza kumshika mkono binti wa miaka saba saa mbili usiku, Dodoma tunaudai.

Na wewe mzee wangu, usikae huko ghorofani kutulaumu. Kwenye kamati ya mtaa huo lazima awemo mtu anayelala juu yake. Nitalipendekeza jina la nyumba yako, ukikubali.

Shikamoo Mama, nipo Chuo Kikuu cha Dodoma mwaka wa tatu. Nimefurahi sana. Ila naona tusifanye kinyonge. Tuweke taa za rangi, chemchemi ya maji, pevingi nzuri, minazi ya mapambo, skrini kubwa ya kuangalia mpira. Tuwe kama Dubai ndogo. Wageni wanakuja na treni ya SGR kila siku wanauliza jioni twende wapi, hatuna jibu. (Mwanafunzi, UDOM)

Marahaba mwanangu. Swali la wageni umelileta mahali pake. Tangu treni ya SGR ianze safari mwaka 2024, nami nimekuwa napokea ndugu kutoka Dar es Salaam ambao zamani walikuwa wakisema Dodoma ni mbali. Nawapeleka Uwanja wa Nyerere wanapiga picha na sanamu ya Mwalimu. Nawapeleka Chinangali Park. Halafu tunarudi nyumbani kuangalia televisheni. Na wenyeji wenyewe tumeongezeka: sensa ya 2012 ilitukuta watu 410,956 mjini, ile ya 2022 ikatukuta 765,179. Watu wote hao jioni wanakwenda wapi?

Lakini minazi ya mapambo, hapana. Hapa ngoja nikusimulie kosa langu.

Katika mji mmoja niliofanya kazi nikiwa bado kijana, si huu, tulipewa barabara moja ya katikati tuipendezeshe. Nilikuwa miongoni mwa waliochora. Tukaweka miti ya mapambo ya aina ya mitende, mirefu, mizuri kwenye picha, na mabenchi ya chuma yenye maua ya kusukwa. Siku ya kwanza baada ya uzinduzi nilipita saa nane mchana kujionea kazi ya mikono yangu. Mama mmoja alikaa, akampakata mwanawe, kisha akamteremsha akae pembeni yake. Mtoto alikuwa amevaa kaptura. Alipiga yowe moja, akaruka. Nilipomsogelea paja lilikuwa na mstari mwekundu, umbo la lile ua la chuma tulilolichagua kikaoni. Yule mama hakunisema kitu, hakujua mimi ni nani. Alimpulizia mtoto, akaondoka naye akitembea kwenye kivuli cha ukuta, ambacho kilikuwa na upana wa hatua moja. Mti wetu ulikuwa na kivuli cha upana wa ungo.

Tangu siku ile kila nikiletewa mchoro wa mtaa, swali langu la kwanza ni kivuli kiko wapi saa kumi jioni.

Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, jioni kuna upepo mtamu ambao Dar es Salaam wanautafuta kwa feni. Jua likizama, saa kumi na mbili na nusu hivi, mji wetu ni mzuri kuliko mji wowote ninaoujua. Lakini mchana jua ni lile mnalolijua, na lami iliyopikwa mchana kutwa inaendelea kutoa joto hadi saa mbili. Mtaa ukiwa hauna kivuli mchana, jioni bado unachoma kutokea chini. Kigali wamepitia hilo. Walifunga barabara yao moja ya katikati kwa magari mwaka 2015, na kwa miaka kadhaa ilikuwa lami tupu, watu wanaivuka haraka waende zao. Walipoitengeneza upya, ikafunguliwa 2022 kwa jina la Imbuga City Walk ikiwa na bustani, pa kukaa na vibanda vya vyakula, ndipo watu wakaanza kwenda kukaa. Barabara ni ile ile, magari yalishaondoka siku nyingi. Kilichokosekana kilikuwa kiti na kivuli.

Kwa Dodoma mti wangu ni mwarobaini. Hauhitaji kubembelezwa na hukaa na majani karibu mwaka mzima. Watu hupenda pia wazo la kichanja cha mizabibu juu ya njia, na mimi nalipenda, nani asilipende, zabibu zinaning'inia juu ya vichwa vya watu! Ila mzabibu hapa unavunwa mara mbili kwa mwaka na unapunguzwa matawi kila baada ya mavuno, na ukishapunguzwa wiki kadhaa unabaki vijiti. Uweke kichanja kimoja mwanzoni mwa mtaa, kiwe alama yetu, na kivuli chenyewe ukiachie mwarobaini. Miche ipandwe Desemba mvua zikianza, kwa sababu mvua yetu ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka na karibu yote inamalizika Aprili. Kosa Desemba, umekosa mwaka. Tulipoanzisha kampeni ya Dodoma ya kijani mwaka 2017 miti mingi ilipandwa kwa shangwe, na yenye mtu wa kuimwagilia ndiyo niliyoiona ikipita Oktoba. Basi kila mti wa mtaa huu uwe na mwenye duka wake, na ndoo yake.

Wakati mwarobaini unakua, na utachukua miaka mitatu minne, tufunge neti za kivuli juu, zile za wenye vitalu vya miche, kutoka paa hadi paa. Si ghali na fundi yeyote wa Majengo anaweza kuzifunga kwa waya. Mabenchi yawe ya mbao au saruji yenye mgongo. Vibaraza vya maduka ya zamani visibomolewe, kwa sababu hayo ni mabenchi tuliyopewa bure na waliotutangulia.

Chemchemi acha. Mji ambao mitaa mingine inasubiri mgao wa maji, kurusha maji hewani ni kuwaudhi watu. Skrini ya mpira kwa siku ya Simba na Yanga sawa, siku nyingine izimwe. Taa ziwe nyingi, za njano na za chini, zimulike nyuso za watu.

Mama, sisi wa bodaboda umetuweka wapi? (Dereva, kijiwe cha Sabasaba)

Kwenye ncha mbili za mtaa, kijiwe rasmi kila upande, chenye kivuli na taa. Mtu akishiba anataka usafiri hatua ishirini tu kutoka alipo, kwa hiyo mtapata abiria kuliko sasa. Ndani ya mtaa hampiti, hata kwa kusukuma, hata kwa "namchukua mgonjwa". Gari la wagonjwa na la zimamoto pekee ndiyo yenye njia, na njia hiyo ya mita nne katikati haiwekwi meza.

Ndugu mwandishi, natumia kiti cha magurudumu tangu nilipopata ajali. Kwenye maandishi yako umesema "watembee" na "watembea kwa miguu". Nimesoma nikijiuliza kama mimi ni mmoja wao. Mara ya mwisho kuja Madukani nilikwama kwenye mtaro, watu wanne wakaninyanyua na kiti changu kama gunia. Walikuwa na nia njema. Sikurudi tena. (Msomaji, Chang'ombe)

Ndugu yangu, pole kwa ajali, na pole zaidi kwa siku ile. Nimerudia kusoma nilichoandika na ni kweli, nimekusahau. Naomba radhi, na nakushukuru kwa kuandika badala ya kunyamaza.

Nilikwenda tena juzi kwa ajili yako. Upande wa magharibi wa ile barabara, mifuniko mitatu ya mtaro haipo na mmoja umevunjika, ni ule ule wa mafuta ya chipsi. Kutoka barabarani kupanda kibarazani kuna urefu wa sentimita thelathini hivi kwa maduka mengi, na lipo duka moja tu lililoweka mteremko wa saruji, mkali mno, mtu wa kiti akishuka nao bila mtu wa kumshika ataanguka. Kipimo kinachokubalika ni kupanda sentimita moja kwa kila sentimita kumi na mbili za urefu wa mteremko. Kwa kibaraza cha sentimita thelathini unahitaji mteremko wa mita tatu na nusu na ushee, na leo hauna pa kuuweka kwa sababu pameegeshwa magari. Magari yakiondoka jioni nafasi ya mteremko wa mbao unaobebeka ipo. Pevingi nazo, zikiwekwa, ziwe bapa na zisiachwe mifereji baina yake, maana gurudumu dogo la mbele linazama humo.

Lakini hayo nimeyapima nikiwa nimesimama. Kama utakuwa tayari, Jumamosi hii saa kumi jioni nitakuwa pale kwa mzee wa kahawa, na futi kamba na daftari. Nimeshaongea na vijana wawili wa duka la vyuma, watalaza mbao mbili juu ya mtaro pale uliposhindwa kupita, zikiwa pana za kutosha, na hawatakunyanyua. Nataka upite mtaa wote kuanzia ncha hii hadi ile, na kila utakapokwama uniambie, niandike.